Kabla Mumcheke Omanyala, Pimeni Hewa

Wasee, leo naanza na ugomvi wa matatu.

Ilikuwa Agosti 2024, siku moja baada ya Ferdinand Omanyala kumaliza wa mwisho kwenye nusu fainali yake ya mita 100 kule Paris. Alikimbia 10.08. Mimi nilikuwa natoka Ruiru kwenda Thika, nimekaa nyuma kabisa karibu na spika. Mzee mmoja mbele yangu akafunga gazeti akasema kwa sauti: "Huyo ni bingwa wa Kasarani tu. Akitoka Thika Road nguvu zinaisha." Gari yote ikacheka. Konda alicheka mpaka akasahau kunirudishia chenji.

Nami nilicheka. Wacha niseme ukweli, nilicheka kabisa.

Lakini jioni nikiwa kwa kitanda lile neno likarudi. Bingwa wa Kasarani. Mzee alikuwa anatukana, lakini bila kujua alikuwa amegusa kitu cha kweli. Kasarani inafanya kitu kwa mkimbiaji. Swali ni: kitu gani, kiasi gani, na kwa nani? Nimechimba hii hadithi kwa muda sasa, na imenipeleka Mexico, ikanipeleka kwa besiboli ya Marekani, halafu ikanirudisha hapa Thika kwa binamu yangu ambaye karibu apoteze nafasi ya maisha kwa sababu hakuna aliyeuliza hilo swali. Tulieni niwapeleke polepole.

Mexico, 1968

Oktoba 1968, Olimpiki ilifanyika Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Kwa mara ya kwanza dunia nzima ililazimika kuona kwamba hewa nayo inashindana.

Angalia mbio fupi na miruko kwanza. Jim Hines wa Marekani alikimbia mita 100 kwa 9.95, na rekodi hiyo ilikaa mpaka 1983. Iliyoivunja, 9.93 ya Calvin Smith, pia ilikimbiwa mlimani, Colorado Springs. Bob Beamon aliruka mita 8.90 wakati rekodi ya dunia ilikuwa 8.35. Sentimita 55 kwa mruko mmoja! Rekodi yake ilisimama mpaka 1991.

Sasa geukia mbio ndefu. Naftali Temu alishinda mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Muda wake? Dakika 29 na sekunde 27.4. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa ya Ron Clarke wa Australia, 27:39.4. Yaani kwa karatasi, Temu alikuwa nyuma ya rekodi kwa karibu dakika moja na sekunde hamsini. Ukimpa mtu karatasi hiyo bila kumwambia mbio zilikimbiwa wapi, atakwambia huyo Temu ni wa kawaida tu.

Lakini Clarke mwenyewe alikuwa kwenye mbio hizo hizo. Alimaliza wa sita, akaanguka, akawekewa oksijeni. Mwenye rekodi ya dunia! Temu hakuwa mpole siku hiyo. Hewa ndiyo ilikuwa imebana kila mtu, na yeye akabanwa kidogo kuliko wengine.

Halafu kuna Kipchoge Keino. Mita 1,500, 3:34.91, akimwacha Jim Ryun, mwenye rekodi ya dunia, kwa karibu sekunde tatu. Kwenye hewa ambayo ilipaswa kumpunguza kasi, Keino aliweka rekodi ya Olimpiki iliyokaa mpaka 1984. Ukitaka kujua nani mkubwa wa Mexico, kwangu mimi huyo ni zaidi ya Beamon. Beamon alisaidiwa na hewa. Keino alipigana nayo.

Mnaona mchezo ulivyo? Hewa ya juu ni nyepesi. Mkimbiaji wa mita 100 anaipasua rahisi, na kwa sekunde kumi mwili wake hautegemei sana oksijeni anayovuta. Kwake ni zawadi. Mkimbiaji wa mita 10,000 anategemea oksijeni kila hatua, na oksijeni ni kidogo. Kwake ni kodi. Uwanja ule ule unampa mmoja na kumnyang'anya mwingine.

Barabara yetu iko wapi kwa ramani hii

Watu wa huku tukisikia "mwinuko" tunafikiria Iten, Eldoret, Nyahururu. Tunasahau kwamba sisi wenyewe tunaishi juu. Thika na Ruiru ziko kama mita 1,500 na zaidi. Kasarani iko kama 1,600. Ukitoka Blue Post mpaka Roysambu, hakuna mahali unashuka chini ya hapo kwa maana. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Hatuisikii kwa sababu tumeizoea. Muulize mgeni kutoka Pwani akipanda ngazi za footbridge pale Githurai.

Uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Tangu hapo umebeba mengi, pamoja na mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 18 mwaka 2017 na ya chini ya miaka 20 mwaka 2021. Halafu Septemba 18, 2021, kwenye Kip Keino Classic, ukabeba ile siku. Trayvon Bromell wa Marekani alimaliza wa kwanza kwa 9.76. Nyuma yake tu, Omanyala, 9.77. Rekodi mpya ya Afrika. Iliyokuwepo ilikuwa 9.84 ya Akani Simbine wa Afrika Kusini. Justin Gatlin, bingwa wa zamani wa Olimpiki, alikuwa wa tatu, mbali kabisa.

Mtaani kwetu watu walipiga kelele kama ni goli la Harambee Stars. Mimi mwenyewe nilirudia video mpaka bando ikaisha.

Na hapo ndipo shida ilianzia. Tulichukua 9.77 tukaifanya kipimo. Kila mara akikimbia Ulaya 9.9 au 10.0, tunasema "ameshuka". Lakini ameshuka kutoka wapi? Kutoka mita 1,600!

Somo kutoka kwa besiboli

Najua wengi hapa hamtazami besiboli. Hata mimi nilikuwa situmii dakika mbili nayo. Lakini hawa watu wametatua shida yetu kabla yetu, na wameitatua kwenye mji ulio juu karibu sawasawa na Kasarani.

Mji ni Denver, Colorado. Unaitwa mji wa maili moja, kwa sababu uko maili moja juu ya bahari, yaani mita 1,609. Uwanja wao, Coors Field, ulifunguliwa 1995, na huko juu kuna mstari mmoja wa viti vya rangi ya zambarau kati ya viti vya kijani, kuonyesha mahali maili moja inapotimia. Wameandika mwinuko kwa viti! Sisi hata ubao hatuna.

Kwenye besiboli, mrushaji anarusha mpira, mpinzani anaupiga kwa gongo. Mrushaji anapimwa kwa wastani wa alama anazoruhusu kwa kila awamu tisa, ambazo ndizo mechi nzima. Ukiwa na 3 uko vizuri. Ukiwa na 6 tafuta kazi nyingine. Sasa Denver hewa ni nyepesi, mpira ukipigwa unaenda mbali kuliko kawaida, na mpira uliorushwa kwa kupindishwa haupindi sana kwa sababu hakuna hewa ya kutosha kuusukuma. Kwa hivyo mrushaji wa Denver anaonekana mbovu hata akiwa mzuri.

Mfano wa kweli: Mike Hampton. Mwaka 2000 akiwa New York alikuwa na wastani wa 3.14. Denver wakamnunua kwa mkataba wa miaka minane, dola milioni 121. Mwaka wa kwanza akaenda 5.41. Wa pili 6.15. Sisemi hewa ndiyo ilifanya yote. Lakini ukisoma namba hizo bila kujua uwanja, utadhani alisahau kurusha akiwa kwa ndege.

Mwaka 2002 Denver wakaanza hata kuweka mipira kwenye chumba chenye unyevunyevu ili isikauke na kuruka sana.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni hesabu. Wanachukua alama zote zilizofungwa kwenye mechi za timu nyumbani, za pande zote mbili, wanalinganisha na alama zote za timu hiyo hiyo ikiwa ugenini. Wachezaji ni wale wale, kinachobadilika sana ni uwanja. Tuseme nyumbani ni alama 12 kwa mechi, ugenini 10. Uwanja unaongeza mara 1.2. Kwa sababu mrushaji anacheza nusu ya mechi zake nyumbani, unachukua nusu ya hiyo nyongeza: 1.1. Mrushaji mwenye 4.40 unagawa kwa 1.1, unapata 4.00. Huyo ndiye yeye, ukimtoa hewani.

Hakuna mtu anafuta alama zilizofungwa. Mechi iliyopotea imepotea. Wanaongeza tu safu ya pili kwa karatasi: hii ndiyo namba, na hii ndiyo namba ukihesabu uwanja.

Tumfanyie Omanyala hivyo hivyo

Kwa mita 100 kuna fomula ya mwanafizikia Jonas Mureika. Unaweka muda, mwinuko na upepo, inakupa muda ambao mkimbiaji angepata usawa wa bahari bila upepo wowote. Ni makadirio, si Biblia. Nilikaa nayo kwa kalkuleta ya simu.

9.77 ya Kasarani, upepo wa mita 1.2 kwa sekunde ukimsukuma mgongoni: inakuwa karibu 9.88. Tofauti ni kama sehemu kumi za mia ya sekunde, karibu nusu ni mwinuko na nusu ni upepo.

9.85 ya Kasarani mwaka 2022, siku aliyomshinda Fred Kerley, upepo wa mita 2.0, yaani mwisho kabisa wa kile kinachoruhusiwa: inakuwa karibu 9.99.

9.79 ya Nyayo, mchujo wa Olimpiki, Juni 2024, upepo 1.5: inakuwa karibu 9.91.

Sasa weka kando. Ugenini, hizi sijazigusa kwa fomula: 9.86 Austria mwaka 2021. 9.93 Mauritius akichukua ubingwa wa Afrika 2022. 10.02 Birmingham, dhahabu ya Jumuiya ya Madola, mwaka huo huo. 9.92 Monaco 2023, na akashinda.

Soma hizo orodha mbili tena. Nyumbani baada ya hesabu: 9.88, 9.99, 9.91. Ugenini: 9.86, 9.93, 10.02, 9.92. Ni mtu yule yule! Hakuna Omanyala wawili, simba wa Kasarani na paka wa Ulaya. Kuna mkimbiaji mmoja wa 9.9 ambaye amekuwa akikimbia 9.9 miaka yote, na sisi tulikuwa tunasoma saa bila kusoma ukuta uliotundikwa.

Paris bado ilikuwa mbaya, simtetei kwa hilo. Kutoka 9.91 hadi 10.08 ni pengo, na hilo ni lake na kocha wake. Lakini pengo hilo si lile la 9.77 hadi 10.08 ambalo lilifanya gari yote icheke.

Najua mtu ataandika hapo chini, "Kwa hivyo unasema rekodi ya Afrika ni bandia?" Hapana. Sheria za riadha zina kikomo cha upepo, lakini hazina kikomo cha mwinuko. Ndiyo maana takwimu za mbio fupi na miruko huwekewa herufi A zikifanyika juu ya mita 1,000, halafu zinahesabiwa kama kawaida. Bromell alikimbia kwenye hewa ile ile, na Hines na Beamon hakuna aliyewanyang'anya. 9.77 ni rekodi. Ninachosema ni kwamba rekodi ni jibu la swali moja, na "ana kasi gani?" ni swali lingine.

Upande ambao unauma

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa ya mashabiki tu. Lakini kumbukeni Temu. Hewa inayompa Omanyala ndiyo inayomkata mtu wa mbio ndefu, na hapa kwetu wa mbio ndefu ndio wengi.

Binamu yangu yuko Thika. Anakimbia mita 3,000. Si nyota, hana jezi ya kampuni, anafanya mazoezi alfajiri kabla ya mananasi kuanza kupakiwa kwenye malori. Mwaka jana alipata wakala anayetafutia wanafunzi nafasi za masomo Marekani kupitia riadha. Wakala akamwambia kwa ujumbe mfupi: leta muda chini ya dakika kumi. Akakimbia kwenye uwanja wa murram, mwalimu ameshika saa. 10:08. Akatuma. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: "Asante, jaribu mwaka ujao." Basi.

Alinipigia simu hakulia, lakini alikuwa anaongea polepole sana. Akasema labda mama ana haki, atafute kozi ya saluni.

Hakuna aliyeuliza uwanja uko juu kiasi gani. Na kinachonichoma ni hiki: chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kina majedwali ya kurekebisha muda wa mbio ndefu zinazokimbiwa kwenye viwanja vyao vya juu. Msichana anayekimbia mita 3,000 Albuquerque, ambako mwinuko ni karibu kama wetu, hupunguziwa sekunde kabla ya kulinganishwa na wa chini. Kwa muda kama wa binamu yangu, tunazungumzia zaidi ya sekunde kumi. Piga hesabu mwenyewe. 10:08 ikitoka sekunde kumi tu, ni 9:58. Na hapo sijagusa murram.

Kwa hivyo hewa ile ile, ikiwa Marekani ni sababu ya kurekebisha, ikiwa Thika ni kisingizio.

Halafu fikiria David Rudisha. Juni 2012 alikimbia mita 800 Nairobi kwa 1:42.12. Agosti, London, hewa nzito ya chini, 1:40.91, rekodi ya dunia. Emmanuel Wanyonyi, Juni 2024, mchujo wa Nyayo, 1:41.70. Agosti, Paris, 1:41.19 na dhahabu. Mita 800 iko katikati, hewa nyepesi inakusaidia kwa kasi na kukubana kwa pumzi, lakini hata wao walishuka chini wakaongeza kasi. Waliojua kusoma muda wa Nairobi hawakushangaa. Lakini hao walikuwa na makocha na mameneja wa kuwasomea. Msichana wa Thika anayesomewa na simu ya wakala hana mtu.

Tufanye nini

Sisubiri wakubwa wa riadha. Nimeanza na daftari la binamu yangu. Tumepiga mistari safu tano: muda, uwanja, mwinuko, aina ya njia, na nani alishika saa. Hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu saa ya mkono na ya umeme hazitoi namba moja. Kwa mbio fupi tunaongeza upepo kama kipimo kipo. Dakika mbili za kuandika, na kalamu ya shilingi ishirini.

Walimu wa michezo mnaonisoma kutoka Ruiru, Juja, Gatundu, Thika: tafadhali msiandike "10:08" peke yake kwa cheti cha mtoto. Andikeni "10:08, murram, mita 1,500 na zaidi". Mkimbiaji wenu wa mita 100 naye mwambieni ukweli mapema, kwamba hewa ya hapa inamwongezea kidogo, ili akienda Mombasa akapata muda mbaya asidhani amelogwa.

Na wewe shabiki, siku nyingine mkimbiaji wetu wa mbio fupi akirudi kutoka Ulaya na 9.95, kabla hujafungua mdomo kwa matatu, jiulize ile namba unayomlinganisha nayo ilitoka mita ngapi juu ya bahari.

Binamu yangu alituma tena, kwa chuo kingine, moja kwa moja bila wakala. Safari hii barua ilikuwa na safu zote tano, na sentensi moja chini ikiwaomba wapitishe muda wake kwenye majedwali yao wenyewe. Wamejibu wakiuliza ana video ya mbio. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niko uwanjani Thika na simu yangu, chaji imejaa. Kama uko karibu, kuja ushike saa ya pili.